Mama aliyewanunulia mabinti zake gitaa na batri



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya bei ya makala na watoto wanaokohoa katika baridi hii. Tutaandika, lakini si leo. Leo tunataka kuwasimulia jambo lililotugawa nusu kwa nusu kwa siku tatu za posho, mpaka wengine wetu walipishana kwenye kisima bila kusalimiana. Jambo lenyewe ni gitaa.

Sanduku letu mnalijua. Kila mama anaweka alichonacho, anayekopa anarudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka tunagawana. Tumezoea mikopo ya unga, ya vikwembe, ya samaki wakavu, na ya masomo mwezi wa tisa ukikaribia. Mkopo wa muziki hatukuwahi kuombwa. Basi mama mmoja wa kwetu, anayeuza mikate kando ya barabara, alisimama akasema kwamba mabinti zake watatu na mtoto wa jirani wanataka kuwa okestra. Si kuimba tu. Wanataka kupiga vyombo wenyewe: gitaa ya bas, batri, na tumba mbili. Vyote vya mkono wa pili, kwa fundi mmoja anayehama. Aliomba dola 250.

Kwanza kimya. Kisha kelele.

Mmoja alisema binti akibeba gitaa usiku, asubuhi anarudi amebeba kitu kingine. Mwingine akauliza kama korali ya kanisa imefungwa. Mama mtunza sanduku, ambaye kwa hesabu hana mzaha, alisema mbuzi anazaa, cherehani inashona, lakini batri inazaa nini? Tulicheka. Yule mama hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasema maneno ambayo tunayaandika hapa kwa ruhusa yake, kwa kuwa wengi wenu mtayatambua. Alisema: "Masomo yanaisha saa saba. Mimi niko barabarani na mikate yangu mpaka giza. Kati ya saa saba na giza, mtoto wangu mkubwa amepata telefone mpya ambayo mtu wa nyumbani hakuinunua. Niambieni aliinunua nani."

Hakuna aliyejibu. Tulifunga mkutano bila kukata neno.

Siku ya posho iliyofuata, mpwa wa mmoja wetu, kijana anayetengeneza radio, alikuja na kisanduku chake cha kupigia muziki. Alikuwa amesikia ugomvi wetu (katika komini hii nani hakuusikia), akasema kabla ya kuendelea tumpe dakika kumi. Akatupigia muziki wa wasichana wa Marekani. Okestra yao inaitwa ESG.

Tuseme ukweli, mwanzoni wengine tulifikiri chombo chake kimeharibika. Bas inatembea peke yake, noti chache tu, zinazunguka na kurudi. Batri iko nyuma yake, kavu, bila mapambo. Kuna tumba. Kuna msichana anayeimba maneno machache kama anayeongea na mwenzake mlangoni. Gitaa solo inayopanda juu kama tulivyozoea haipo. Piano haipo. Tulikuwa tunangoja wimbo uanze. Ilichukua muda kuelewa kwamba umeanza zamani, na kwamba miguu ya mama wawili watatu chini ya meza ilielewa kabla yetu.

Kijana alitueleza kwa njia ambayo hatutaisahau. Alisema: wamama, mnajua sebene? Nani hajui sebene! Ni pale ambapo mwimbaji anamaliza hadithi yake ya mapenzi, magitaa yanashika njia, na watu wanaoketi wanasimama. Basi, alisema, hawa wasichana walikuwa wanapenda nyimbo za James Brown, na walichopenda zaidi ni pale anapowaachia bas na ngoma nafasi. Walijiuliza kwa nini fasi hiyo tamu iwe fupi. Wakatunga nyimbo ambazo ni fasi hiyo tu, toka mwanzo mpaka mwisho.

Sisi tulitaka kujua jambo lingine. Vyombo walinunuliwa na nani?

Walinunuliwa na mama yao.

Jina lake Helen Scroggins. Alikuwa anaishi na watoto wake katika nyumba za serikali huko South Bronx, New York. Nyumba za ghorofa zilizojaa familia, maskini juu ya maskini. Tukisikia New York tunaona taa na magari, lakini Bronx ya miaka ya 1970 ilikuwa kitu kingine. Majengo yalikuwa yanaungua, mtaa baada ya mtaa, mengine kwa uzee wa nyaya, mengine yakichomwa na wenyewe ili kupata fedha za bima. Mwezi wa kumi 1977, rais wao, Jimmy Carter, alikwenda kutembea Charlotte Street, na picha zake zilionyesha kiongozi wa nchi tajiri amesimama katikati ya matofali yaliyovunjika kama mahali palipopita vita. Mwezi wa saba mwaka huohuo umeme ulikuwa umekatika karibu New York nzima usiku kucha, na maduka mengi yakavunjwa. Madawa ya kulevya yalikuwa kwenye ngazi za majengo. Mama akiangalia dirishani, alikuwa anaona yote ambayo yanaweza kumchukua mtoto wake.

Yeye akawapa vyombo. Renee akashika sauti na gitaa, Valerie batri, Deborah bas, Marie tumba. Dada wanne wa tumbo moja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, ileile ya mama yetu wa mikate: mtoto anayefanya mazoezi nyumbani hayuko barabarani. Kelele ndani ya nyumba, ndiyo. Lakini mama akisikia kelele anajua watoto wako wapi.

Tulimkatiza kijana hapo, kwa sababu mama mmoja alipiga meza akasema: "Mnaona?" Na mwingine akamjibu: "Tunaona Amerika. Hapa ni Katuba." Ikawa kelele tena.

Tuwape kidogo yale tuliyoyajifunza baadaye kwa kuuliza na kusoma, maana mambo haya ni matamu. Jina ESG ni herufi tatu. Herufi ya kwanza ni zumaridi, jiwe la mwezi ambao Valerie alizaliwa. Ya pili ni yakuti ya buluu, jiwe la mwezi wa Renee. Ya tatu ni dhahabu, kwa sababu huko diski ikiuzwa sana msanii anapewa diski ya dhahabu, na wao waliitaka. Watoto wa nyumba za serikali walijiita zumaridi, yakuti na dhahabu. Tunawaelewa. Kwetu hapa pia mtoto asiye na viatu anaitwa Bijou.

Mwalimu wa muziki hawakuwa naye. Walisikiliza. Wakati wa joto, katika bustani karibu na nyumba zao, watu wa Puerto Rico walikuwa wanakaa na kupiga tumba na kengele mpaka usiku, na sauti ilipanda hadi kwenye madirisha. Hiyo waliichukua. Na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu tumba hiyo huko kwao inaitwa konga. Ni ngoma iliyopata umbo lake Cuba, mikononi mwa kizazi cha watu waliouzwa utumwani, na wengi wao walitoka upande huu wetu wa Kongo. Ilivuka bahari bila mwenyewe kuulizwa, ikakaa Cuba, ikapanda New York, na miaka mingi baadaye msichana anayeitwa Marie aliipiga ndani ya chumba cha mama yake. Mama mkongwe wa kundi letu, ambaye mpaka hapo alikuwa amefumba macho tukidhani amelala, alisema bila kuyafumbua: "Kwa hiyo ngoma ni yetu, tunaogopa nini?"

Walijaribu mashindano ya vipaji. Katika shindano moja walishindwa, lakini mmoja wa waamuzi, Ed Bahlman, hakuwasahau. Alikuwa na duka la diski katika nambari 99 ya MacDougal Street, na akaanza kuwatafutia kumbi za kupigia. Hapo ndipo walipokutana na muziki wa watu wengine kabisa. Miaka hiyo vijana weupe wa Uingereza na New York walikuwa wametoka kwenye panki, muziki wa hasira, wa haraka, wa kupiga kelele. Baada ya panki, baadhi yao walichoka kuruka tu, wakataka kucheza. Waliweka bas mbele, wakapunguza gitaa, wakaiba kidogo kutoka kwa watu weusi, kama kawaida. Walipowaona dada hawa wa Bronx wakasema: hawa ni wenzetu. Dada wenyewe walikuwa hawajui habari za panki. Walikuwa wanajua kwamba watu wanapaswa kucheza.

Bwana mmoja kutoka Manchester, Tony Wilson, mwenye nyumba ya diski iliyoitwa Factory, aliwasikia New York akataka kuwarekodi. Fundi wa kurekodi alikuwa Martin Hannett, aliyekuwa na jina kubwa kwao kwa kazi yake na Joy Division. Inasimuliwa kwamba walimaliza nyimbo walizokusudia, na kwenye utepe zikabaki dakika kama tatu. Fundi akauliza kama wana kitu cha kujaza. Walikuwa nacho. Wimbo unaitwa "UFO", hauna maneno, na unaanza na gitaa inayolia kama king'ora kinachokuja kutoka mbali. Diski ilitoka mwaka 1981. Tukumbuke hiyo nyimbo ya kujaza nafasi. Tutarudi kwake.

Tarehe 21 mwezi wa tano 1982, Manchester, ulifunguliwa ukumbi mkubwa wa kucheza ulioitwa Haçienda, ambao baadaye ulijulikana dunia nzima. Siku ya kufungua, waliopiga ni ESG. Mwaka 1983 walitoa albumu yao ya kwanza, Come Away with ESG. Nani alifikiri kwamba gitaa ile ya nyumba za serikali itafika huko? Sisi tungefikiri? Tulimwuliza mama mtunza sanduku, akasema bado hajasikia faida.

Na ana haki, maana hapa hadithi inageuka.

Diski hazikuwajaza mifuko. Nyumba ya diski ya Bahlman ilifungwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya kesi mahakamani. Dada walirudi kwenye maisha ya kawaida, kulea na kutafuta. Na wakati huohuo, bila wao, wimbo ule wa dakika tatu ulianza kutembea. Vijana wa hip-hop, ambayo nayo ilizaliwa hapohapo Bronx, wana njia yao: wanachukua diski ya mtu, wanakata kipande, wanakirudia tena na tena, kisha wanaongea juu yake. King'ora cha "UFO" kilikatwa na Public Enemy, na Big Daddy Kane, na The Notorious B.I.G., na wengine wengi sana. Ni moja ya nyimbo zilizokatwa mara nyingi kupita zote. Umeisikia hata wewe, mama, kwenye radio ya kijana wako, bila kujua. Renee alikuwa anaisikia kwenye magari yanayopita. Mkono wake, gitaa yake, fedha ya mtu mwingine.

Mwaka 1992 walitoa diski ndogo na kuipa jina ambalo kwa lugha yetu ni hivi: kutajwa jina kwenye sampuli hakulipi deni letu la nyumba na umeme. Hilo ndilo jina la diski! Tulipotafsiriwa, ukumbi wote ulipiga makofi. Hakuna mama wa kundi hili ambaye hakuelewa. Mmoja wetu alibuni namna ya kushona mfuko wa kikwembe wenye mifuko midogo ndani ya maziwa na ya nepi, na kabla mvua hazijaanza, mfuko uleule ulikuwa unaninginia katika duka moja la mjini kwa bei mara tatu. Alipoenda kuuliza aliambiwa: lakini tunawaambia wateja kwamba ni ubunifu wa wamama wa hapa. Kutajwa jina. Basi.

Siku hiyo ya posho hatukukata neno pia, lakini tulirudi nyumbani kwa namna nyingine.

Tuongeze jambo ambalo lilitusumbua sisi wenyewe tulipokuwa tunabishana. Mji wetu si mgeni wa gitaa. Katanga hii ndiyo ya Jean-Bosco Mwenda, ambaye mwaka 1952 alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, na mpaka sasa wazungu wanaofundisha gitaa wanahangaika kufuata vidole vyake. Lubumbashi hii ndiyo iliyomzaa Tshala Muana, mwaka 1958, na alipofariki mwezi wa kumi na mbili 2022 wengi wetu tulilia kama tumefiwa na dada. Abeti Masikini aliimba Olympia ya Paris mwaka 1973. Tunajivunia. Lakini angalieni picha zao vizuri. Mama yuko mbele na mikro, amependeza, anacheza. Nyuma, mara nyingi, gitaa, bas na batri viko mikononi mwa wanaume. Na mwenye vyombo ndiye mwenye kusema tunaanza saa ngapi, tunapiga wapi, nani analipwa. Mama yetu wa mikate hakusoma kitabu chochote juu ya jambo hilo. Alisema tu: "Sitaki wasimame mbele ya vyombo vya mtu."

Siku ya tatu ya posho tulipiga kura. Hatutaficha hesabu: 19 walikubali, 14 walikataa, na wawili walisema wanatafakari, na bado wanatafakari. Tuliweka masharti. Mazoezi ni kwenye lupango la mama mkongwe, kati ya saa nane na saa kumi na moja, siku ya kazi mbili na ya kazi nne, mlango wazi. Anayefeli masomo anaacha mkopo ulipwe na wengine. Hakuna kwenda kupiga fasi yoyote bila mama wawili wa kundi. Na ile telefone mpya irudishwe kwa mwenyewe mbele ya macho ya mama yake na ya wengine wawili. Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Binti alilia. Telefone ilirudi. Aliyeitoa alijifanya hamjui mtoto, na hatutasema zaidi.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa mateso ya masikio. Jirani mmoja wa lupango alihamisha kitanda chake chumba cha nyuma. Umeme ulikuwa unakatika, na wao wanaendelea na tumba na batri peke yake gizani. Hata hivyo, yule mtoto wa jirani, ambaye tulifikiri amefuata wenzake tu, ndiye mwenye mkono. Anapiga bas kama mtu anayetwanga sombe: hana haraka, hakosi. Kijana wa radio anawasaidia kufunga nyaya. Amewekewa kikomo cha kukaa karibu na kisima, na tunamshukuru kwa uvumilivu.

Walipiga mara ya kwanza kwenye kipaimara. Mara ya pili kwenye harusi, na hapo tukaonja sisi wenyewe ule uchungu wa diski ya 1992. Mwenye kuandaa sherehe alikuwa ameahidi dola 60. Watoto walipiga saa tatu, watu walicheza mpaka vumbi likapanda juu ya keki. Mwisho aliwaambia: nimewapa nafasi ya kujulikana, hiyo ndiyo kubwa, fedha tutaongea.

Mabinti walirudi nyumbani kimya. Mkubwa wao alisema anaacha.

Kesho yake, siku ya Mungu, baada ya misa, tulikwenda kumi na mmoja. Hatukugombana. Tuliomba viti, tukaketi kwenye lupango lake, tukatoa kushona kwetu. Tulimsalimu mke wake kwa heshima, tukamsaidia hata kuchambua maharagwe, maana yeye hakutukosea kitu. Kila mgeni wa bwana aliyepita alituuliza tunangoja nini, na tulimweleza vizuri, kwa sauti ya kawaida. Kabla ya jua kuzama alitoa 30. Alisema zilizobaki ni mwisho wa mwezi. Tuliandika kwenye daftari na yeye akatia sahihi.

Binti mkubwa alikuwa ametufuata bila kutuambia. Alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, nyuma ya mwembe, anaangalia mama kumi na mmoja wakishona katika lupango la mtu kwa ajili yake. Siku ya kazi mbili alikuwa kwenye batri kabla ya wote.

Turudi kwa wale dada, tusije tukawaacha katika uchungu. Hawakuacha. Mwaka 2000 nyimbo zao za zamani zilikusanywa na kutolewa tena, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule walianza kuwatafuta. Mwaka 2002 walitoa albumu mpya, Step Off. Hesabuni: miaka 19 baada ya ile ya kwanza. Na wakasafiri tena kuipiga. Lakini angalieni nani alikuwa jukwaani. Bas iko mikononi mwa Nicole, binti ya Renee. Gitaa ni ya Chistelle, binti ya Valerie. Mwaka 2006 wakatoa nyingine. Mama mtunza sanduku alipoambiwa habari hiyo alikaa kidogo, akauliza tena ili awe na hakika: "Unasema vyombo vimezaa?" Tukamwambia ndiyo. Hakusema kitu kingine, na kura yake ya kwanza ilikuwa hapana, hilo mlijue.

Sasa mabinti wetu wanataka kuwa na nyimbo zao. Wanazo nne. Moja inahusu foleni ya maji, nyingine hatujaelewa bado inahusu nini. Wanasema wanataka kurekodi kabla ya mvua, na kwenda kuzipiga Likasi na Kolwezi wakati wa likizo, kama okestra yoyote yenye albumu mpya. Wamama wa makundi ya Likasi na Kolwezi mnaosoma barua hii, tunawauliza kwa upole: mna ukumbi wenye mlango unaofungwa? Mna fasi ya watoto wanne kulala, pamoja na mama wawili? Bukari tutakuja nayo.

Na jambo la kurekodi tunalishika wenyewe. Tumemwomba mama mmoja ambaye shemeji yake anafanya kazi za sheria atuandikie karatasi moja, fupi, kwa lugha tunayoisoma, ikisema nyimbo ni za nani na anayezitumia anafanya nini kwanza. Watoto watatia sahihi mbele yetu. Sisi nasi tutatia.

Hesabu ya mkopo mpaka juma hili: dola 250 zilitoka, 140 zimerudi, na faida ya kwanza imeingia. Uzi mmoja wa bas umekatika na fundi anataka dola 8. Yule bwana wa harusi bado ana 30 zetu. Mwisho wa mwezi ni siku ya kazi tatu. Tutaondoka kwa mama mkongwe saa tisa, na kila mmoja aje na kushona kwake.